Kutoka Sambo hadi Koili: Historia ya Maneno ya Kusuka na Kupima Waya katika Usukuma

1.0 Utangulizi

Historia ya istilahi za Kiswahili imezoeleka kuandikwa kwa kufuata kamati. Huanza na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, ikapitia kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, ikaishia kwenye kamusi za taaluma zilizochapishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Historia hiyo ni ya kweli, lakini ina upungufu mmoja mkubwa. Huacha nje watu ambao hawakuwahi kuketi katika kamati yoyote, ilhali kila siku walilazimika kuvipa majina vitu vilivyokuwa mikononi mwao. Miongoni mwa watu hao wamo mafundi wa waya: wanaotengeneza redio, wanaosuka mota za mashine za kusaga, na wanaozungushia waya wa shaba juu ya vipete vyeusi vya feraiti ili kupata koili za taa na za chaja.

Mhadhara huu unaichunguza historia ya maneno ya kazi hiyo kwa kuitazama kutoka Misungwi, kusini mwa jiji la Mwanza. Misungwi ilifanywa wilaya mwaka 1995 kwa kumegwa kutoka Kwimba. Inapitiwa na barabara kuu ya kwenda Shinyanga na pia na reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, na upande wake wa magharibi imepakana na ghuba ya Ziwa Viktoria. Hapo Kigongo ndipo lilipoanzia daraja la kuvukia Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Ni mahali pa kupitia watu na bidhaa, na penye mapito ya bidhaa hapakosi mapito ya maneno.

Hoja inayotetewa ni kwamba kazi ya kuzungushia waya juu ya kiini si ngeni katika Usukuma, na kwamba Kiswahili kilikuwa na maneno ya kuieleza kabla umeme haujafika. Swali linalofuata ni kwa nini maneno hayo hayakupata njia ya kuingia darasani.

2.0 Waya kabla ya umeme

John Hanning Speke alipofika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akiwa ametoka Kaze iliyoko katika Tabora ya leo, safari yake ya mwisho ilishuka kandokando ya ghuba ambayo sehemu ya pwani yake imo leo katika wilaya ya Misungwi. Mizigo ya misafara ya wakati huo ilikuwa ya namna tatu kuu: nguo, shanga na waya. Kila namna ilikuwa na kipimo chake. Nguo zilipimwa kwa mikono: mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zikafanya doti. Shanga zilihesabiwa kwa kete zilizotungwa. Waya, kwa kuwa ulikuwa mzito na ulibebwa ukiwa umeviringwa katika matita, ulipimwa kwa frasila, yaani ratili 35 au kilo 16 hivi.

Jina la kibiashara la waya mnene wa shaba lilikuwa masango. Waya huo haukuvaliwa jinsi ulivyokuja. Mafundi wa bara waliupasha moto, wakaufua, kisha wakauvuta kupitia tundu dogo la chuma hadi ukawa mwembamba kama uzi. Waya mwembamba wa namna hiyo ndio ambao kamusi za mwanzo za Kiswahili huutaja kwa jina la udodi. Wasafiri waliopita Unyamwezi na Usukuma katikati ya karne ya 19 walieleza pia pambo la mguuni lililoitwa sambo. Lilitengenezwa kwa kuzungushia waya mwembamba juu ya kiini cha nywele za mkia wa mnyama, kisha ncha zikaunganishwa kuwa pete. Mtu mmoja aliweza kuvaa pete nyingi kwa pamoja, zikapanda kutoka kifundo cha mguu kuelekea muundi.

Ni vema kusita kidogo juu ya sambo. Ndani yake mna vitu vitatu: kiini kisichoonekana, waya wa shaba uliokizunguka, na duara lililofungwa. Ufundi wake ulitegemea mambo ambayo hadi leo fundi wa koili huyaangalia. Mizunguko ilitakiwa ilale karibu karibu bila kupandana. Mvuto wa mkono ulitakiwa uwe sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Waya ulitakiwa upimwe kabla ya kukatwa, maana kiungo katikati ya pambo kiliharibu kazi nzima. Hakuna anayeweza kudai kwamba mtengeneza sambo alijua habari za usumaku. Kinachoweza kudaiwa ni kwamba alikuwa na mkono uliozoea kazi, na lugha iliyozoea kuitaja kazi hiyo.

Chuma nacho kilikuwa na wenyewe. Upande wa kusini-magharibi wa Ziwa, katika nchi ya Buzinza, Warongo waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyouzwa Usukuma. Jambo hili litakumbukwa mbele, kwa sababu kipete cha feraiti ni mtoto wa mawe ya chuma pia, ila amelelewa na mfinyanzi badala ya mhunzi.

Wakati huohuo, mbali kabisa na Ziwa, waya wa shaba ulikuwa umeanza kazi nyingine. Mwezi Agosti 1831, mjini London, Michael Faraday alichukua pete ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 15 hivi, akaizungushia waya wa shaba pande mbili, na akaona kwamba mkondo ulipowashwa au kuzimwa upande mmoja, sindano ilitikisika upande wa pili. Waya wenye vanishi ulikuwa bado haupatikani, hivyo alitenga mzunguko na mzunguko kwa kamba nyembamba, na tabaka na tabaka kwa kitambaa cha pamba. Kitambaa hicho kilikuwa cha jamii moja na kile ambacho misafara ya Afrika Mashariki ilikibeba kwa jina la merikani. Kwa hiyo waya na nguo, bidhaa mbili kubwa za njia ya Tabora, ndizo zilizokuwa malighafi ya koili ya kwanza ya pete.

3.0 Pamba, redio na fimbo nyeusi

Katika karne ya 20 Usukuma iligeuka kuwa nchi ya pamba. Vyama vya wakulima, vilivyounganishwa mwaka 1955 chini ya Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, vilinunua pamba na kumiliki vinu vya kuichambulia. Vinu vina mota, na mota huungua. Palipokuwa na kinu palihitajika fundi wa kutoa waya ulioungua na kutia mwingine. Ndivyo kazi ya kuzungusha waya ilivyorudi katika nchi hii, safari hii ikiwa na umeme ndani yake. Neno umeme lenyewe lilikuwa limekwisha kupanua maana. Lilianza kuwa mwako wa radi mawinguni, likaja kuwa nguvu ipitayo katika waya. Ni mfano mzuri wa neno la kale lililobeba maana mpya bila kuagizwa na kamati.

Feraiti iliingia kwa mlango mwingine, mlango wa redio. Vitu hivi vilibuniwa mjini Tokyo mwaka 1930 na Yogoro Kato na Takeshi Takei, na kampuni ya TDK ikaanzishwa mwaka 1935 ili kuvitengeneza kwa biashara. Katika miaka ya 1940 J. L. Snoek wa maabara ya Philips, Uholanzi, aliviendeleza. Feraiti ni oksidi ya chuma iliyochanganywa na madini mengine, ama manganizi na zinki, ama nikeli na zinki. Unga wake hushindiliwa katika umbo kisha huchomwa katika tanuri kwa joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Kwa hiyo ni kazi ya finyanzi kwa kila hali. Ndiyo sababu kipete cha feraiti kikidondoka sakafuni hupasuka kama kigae, ambapo chuma kingepinda tu. Sifa yake kuu ni kwamba huukusanya usumaku lakini huuzuia mkondo wa umeme usizunguke ndani yake. Chuma cha kawaida kikitiwa umeme unaobadilika mara laki kadhaa kwa sekunde hupata joto na kupoteza nguvu. Feraiti hustahimili.

Redio za transista zilizoenea vijijini tangu miaka ya 1960 zilikuwa na fimbo ya feraiti ndani yake, imezungushiwa waya mwembamba sana, nayo ndiyo iliyokuwa antena ya masafa ya kati. Mradi wa elimu ya watu wazima wenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO na kuwa na makao yake Mwanza kati ya 1968 na 1972, ulifanya kazi katika mikoa ya Ziwa kwa vitabu vilivyojengwa juu ya shughuli za watu wenyewe, kama vile kilimo cha pamba na uvuvi. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 nchini kote walikusanyika katika vikundi kuisikiliza redio na kujadili. Katika kila redio ya transista iliyosikilizwa kwa masafa ya kati chini ya mti, sauti ilipita kwanza katika fimbo ile nyeusi. Redio ilipokufa ilipelekwa kwa fundi. Na fundi, alipoifungua mbele ya mwenyewe, alidaiwa maelezo: kimeharibika nini, na kitatengenezwaje. Maelezo hayo aghalabu yalitolewa kwa Kiswahili.

Vipete vilifuata baadaye. Taa za umeme mdogo zilizoenea miaka ya 2000 zina kipete kidogo cha feraiti kitakoni mwake chenye koili tatu. Chaja, vigeuzi vya umeme wa jua, na vifaa vya kuendeshea taa za kuvulia dagaa, ambazo zimechukua nafasi ya karabai katika sehemu nyingi za Ziwa, vyote hutumia viini vya feraiti. Kwa sababu hiyo jalala la vifaa vilivyokufa limekuwa ghala la fundi. Hung'oa kipete, hukivua waya wa zamani, na kukisuka upya kwa kazi nyingine.

4.0 Vitenzi vya mkononi: zonga, suka, tunga

Katika lugha ya mafundi wa Tanzania, kazi ya kutia waya katika mota au transfoma huitwa kusuka. Yuko pia anayesema kuwaindi, kwa kutohoa kutoka Kiingereza, na maneno haya mawili hukaa katika karakana moja bila ugomvi. Inafaa kuuliza kwa nini kitenzi suka kilichaguliwa wakati Kiswahili kina vitenzi vingine ambavyo kwa sura vinaonekana kufaa zaidi: zungusha, viringisha, sokota, pota, zonga.

Jibu limo katika umbo la kazi yenyewe. Sokota na pota ni vitenzi vya uzi unaojizungusha juu ya nafsi yake. Ndivyo pamba inavyokuwa uzi na katani inavyokuwa kamba. Zonga ni kitenzi cha kitu kirefu kinachozunguka kitu kingine kwa nje, kama mtambaazi unavyouzonga mti. Fimbo ya feraiti ya redio huzongwa: mkono mmoja hushika fimbo, mwingine huuzungusha waya, na hakuna kizuizi mwanzo wala mwisho. Kipete, kinyume chake, hakina mwanzo wala mwisho. Kila mzunguko hauna budi kupenya tundu lake, na waya wote uliobaki lazima uvutwe kupitia tundu hilo kabla ya mzunguko unaofuata. Mota nayo ina mifereji ambamo waya huingizwa, ukatokea upande wa pili, ukarudi. Kuingia na kutoka huku, kupita juu na kupita chini, ndiko kunakofanywa na msusi wa ukili, wa tenga au wa nywele. Kitenzi suka kilichukuliwa kwa kufanana kwa mwendo wa mkono, ambako ni msingi wa ndani zaidi kuliko kufanana kwa sura ya kitu kilichokamilika.

Kipo kitenzi kingine kinachostahili kutajwa, nacho ni tunga. Shanga hutungwa kwa kupenyezwa uzi. Katika koili ya kipete kuna jambo ambalo huwakanganya wanafunzi wengi: waya ukipita mara moja tu ndani ya tundu, hata bila kurudi na kukizunguka kipete, huo umekwisha kuhesabiwa mzunguko mmoja. Anayefikiri kwa neno zungusha hulikataa jambo hili, maana macho yake hayaoni kitu kilichozungushwa. Anayefikiri kwa neno tunga hulikubali papo hapo, maana ushanga ukipitiwa na uzi mara moja umekwisha kutungwa. Hapa uchaguzi wa kitenzi unaamua kama kanuni ya fizikia itaonekana kuwa kitendawili au kuwa jambo la kawaida.

Vifaa navyo vina ukoo wake. Waya mrefu haupiti vizuri katika tundu dogo ukiwa katika tita. Hivyo fundi huuzungushia kwanza kwenye kijiti chembamba chenye pengo kila ncha, kisha hukipitisha kijiti hicho tunduni, akilegeza waya kadiri unavyohitajika. Kijiti hicho hakitofautiani na sindano ya kushonea nyavu, ambayo kila mwalo wa Ziwa Viktoria unaijua. Mtoto wa mvuvi akifundishwa kusuka kipete hana jipya la kujifunza katika kifaa hicho.

Lipo pia suala la jina la umbo. Wanahisabati huliita toroidi: duara nene lenye tundu katikati. Kiswahili kinalo neno la umbo hilohilo, nalo ni ngata, au kata katika matumizi ya baadhi ya wasemaji: kile kizingo cha kitambaa au majani kiwekwacho kichwani ili mtungi usiteleze. Tena ngata yenyewe hutengenezwa kwa kuzungusha. Hata hivyo neno hili lina matatizo yake. Kata lina maana nyingi mno, ikiwamo ya eneo la utawala. Ngata ni salama zaidi, lakini kijana aliyekulia penye bomba la maji huenda hajawahi kuiona. Neno pete linajulikana na wote, ila halitofautishi kipete chembamba na kinene. Huu ni mfano wa uchaguzi ambao kamati haiwezi kuufanya vema bila kuwasikiliza watumiaji.

5.0 Kuhesabu na kupima

Kusuka ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupima, na hapa ndipo Kiswahili hudhaniwa kuwa kimeishiwa. Ni vizuri dhana hiyo ijaribiwe kwa mfano kamili.

Fundi ameng'oa kipete cheusi kisicho na maandishi. Jambo la kwanza ni kukijua. Kipete cha feraiti ni cheusi au cha kijivu na huvunjika. Kile cha manjano chenye upande mmoja mweupe, kinachopatikana katika kompyuta za mezani, ni cha unga wa chuma uliogandishwa, na tabia yake ni nyingine. Jambo la pili ni kukadiria waya. Kila mzunguko hutumia waya unaolingana na mzingo wa mkato wa kipete. Ikiwa upana wa mkato ni milimita 4 na kimo chake ni milimita 8, mzingo ni milimita 24. Mizunguko 20 itakula milimita 480, ambazo kwa vipimo vya mwili hazipiti sana mkono mmoja, yaani shibiri mbili. Fundi huongeza futuri moja kwa ajili ya ncha. Vipimo hivi vya shibiri, futuri, mkono na pima, vilivyokata merikani na kaniki, bado hukata waya.

Jambo la tatu ni kujua nguvu ya kiini. Hapo hufuatwa kanuni moja: uwezo wa koili hukua kwa mraba wa idadi ya mizunguko. Mizunguko ikizidishwa mara mbili, uwezo huwa mara nne. Kipimo chake ni henri, kilichopewa jina la Mmarekani Joseph Henry katika mkutano wa Chicago wa mwaka 1893. Fundi husuka mizunguko 10 ya majaribio, hukwangua vanishi kwenye ncha ili shaba ionekane, kisha huiunganisha koili na kapasita inayojulikana, tuseme ya nanofaradi 10. Huvipitishia mawimbi ya umeme, akibadilisha idadi ya mitikisiko kwa sekunde hadi aone mahali ambapo mwitikio ni mkubwa kuliko penginepo. Ikiwa mahali hapo ni kilohezi 159, hesabu humpa mikrohenri 100. Akiigawa 100 kwa mraba wa 10, hupata mikrohenri 1 kwa mraba wa mzunguko. Hiyo ndiyo tabia ya kiini chake. Akihitaji koili ya mikrohenri 400, atasuka mizunguko 20.

Hesabu hii haiondoi uangalifu. Viini vya feraiti vya aina moja hutofautiana, na watengenezaji wenyewe huruhusu tofauti ya hadi sehemu ya robo juu au chini. Kwa hiyo kupima ni bora kuliko kuamini maandishi. Kapasita nayo isipokuwa sahihi, kosa lake huingia moja kwa moja katika jibu. Aidha, kiini hushiba. Mkondo ukizidi kiasi, feraiti haiwezi kupokea usumaku zaidi, uwezo wa koili huporomoka, na transista inayoiendesha huungua. Neno kushiba, ambalo wanakemia wamelitumia kwa myeyusho, linafaa hapa bila kuongezewa chochote. Mtu aliyeshiba hapokei zaidi, na ukimlazimisha patatokea madhara.

Maelezo haya yote yametolewa kwa Kiswahili. Maneno ya mkopo yaliyomo, kama koili, kapasita, henri na feraiti, ni majina ya vitu na vipimo, na baadhi yake yamekopwa na lugha nyingi za dunia. Uhusiano kati ya vitu hivyo, yaani kukua, kugawa, kupenya, kuitikia na kushiba, umebebwa na vitenzi ambavyo msemaji wa kawaida anavyo.

6.0 Kamusi, kamati na darasa

Itakuwa dhuluma kusema kwamba wanakamati hawakufanya kazi. Baraza la Kiswahili la Taifa lilitoa matoleo ya Tafsiri Sanifu kuanzia miaka ya 1970, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kanuni zilizofuatwa zilikuwa za busara: kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwishowe katika lugha za kigeni. Kwa kanuni hiyo Kiswahili kilipata ikulu kutoka Kisukuma na Kinyamwezi, na ngeli kutoka Kihaya. Eneo la Ziwa limekwisha kuipa lugha ya taifa jina la makazi ya mkuu wa nchi na jina la kipengele kikuu cha sarufi yake. Hakuna sababu ya kudhani kwamba haliwezi kuipa majina ya ufundi.

Kilichokosekana ni hatua ya kabla ya kanuni, yaani kukusanya. Istilahi za fizikia zilitafutwa kwa kuanza na orodha ya maneno ya Kiingereza na kuuliza kila moja litaitwaje. Njia hiyo huleta majina ya vitu, lakini haileti vitenzi vya kazi, kwa sababu vitenzi havikai katika orodha. Hukaa katika mazungumzo ya fundi na mwanagenzi wake.

Upungufu huu una gharama, na wanaoilipa ni wanafunzi. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kitumike pia katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na Kiingereza kikaendelea. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote, lakini utaratibu wa sekondari haukubadilika. Matokeo yake huonekana katika mji mdogo kama Misungwi kuliko mahali pengine, kwa sababu huko umbali kati ya karakana na darasa ni wa hatua chache. Mwanafunzi wa sekondari anayekariri kanuni ya Faraday kwa Kiingereza asichokimudu hupita kila siku mbele ya fundi anayeitumia kanuni hiyo kwa Kiswahili. Mwanafunzi ana kanuni, lakini hana kazi ya kuitumilia. Fundi ana kazi, lakini hana kanuni ya kumwonya kwamba kiini kinakaribia kushiba. Kila mmoja ana nusu ya elimu, na lugha ambayo ingewakutanisha haijaruhusiwa kuingia pale nusu hizo zinapokutana.

Yapo mapingamizi yanayostahili kujibiwa. Husemwa kwamba lugha ya mafundi haina usanifu: mmoja husema kusuka, mwingine kuwaindi, mmoja waya, mwingine nyaya. Hilo ni kweli, na ndiyo kazi ya wasanifu. Hakuna anayesanifisha kisichotofautiana. Husemwa pia kwamba istilahi za kienyeji zitamtenga mwanafunzi na vitabu vya dunia. Pingamizi hili lina uzito kwa majina ya vipimo na vitu, na ndiyo sababu henri na feraiti vibaki kama vilivyo. Halina uzito kwa vitenzi. Mjapani aliyeibuni feraiti hakuacha kuzungumza Kijapani maabarani mwake.

7.0 Hitimisho

Waya wa shaba umepita Misungwi mara mbili. Mara ya kwanza ulikuja kwa frasila mabegani mwa wapagazi, ukavutwa, ukazungushiwa juu ya nywele za mkia wa mnyama, ukawa sambo. Mara ya pili umekuja ndani ya redio, mota na taa, ukang'olewa na kusukwa upya juu ya vipete vya feraiti. Katika safari ya kwanza maneno mengi yalipotea kabla hayajaandikwa. Sambo leo hutafutwa katika vitabu vya wasafiri wa kigeni, na udodi hauonekani ila kwa anayefunua kamusi.

Maneno ya safari ya pili bado yanatamkwa. Ukusanyaji wake hauhitaji gharama kubwa: mwanafunzi mmoja wa isimu, daftari, na subira ya kuketi karakanani siku kadhaa akiuliza kila tendo linaitwaje, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na akiandika sentensi nzima badala ya neno moja moja. Kazi hiyo ifanywe katika Misungwi, Magu, Sengerema na Kwimba, ilinganishwe na ya Tanga, Mombasa na Bukavu, kisha ipelekwe mezani kwa wasanifu. Ifanywe mapema, kwa kuwa vifaa vipya vinazidi kufungwa kwa gundi visifunguliwe, na fundi asiyefungua kifaa hana sababu ya kukitaja kilicho ndani yake.